Sauti Yako Haijatambulika

Jumatatu, saa tatu asubuhi, simu yangu iliniambia kwamba pesa zangu zimefungwa kwa ajili ya usalama wangu. Hebu lifikirie hilo kidogo. Pesa ni zangu, usalama ni wangu, halafu mimi ndiye siruhusiwi kuzigusa. Ujumbe wenyewe ulikuja na adabu zake zote: "Mteja wetu mpendwa, tumeona muamala usio wa kawaida. Tumefunga akaunti yako kwa muda ili kukulinda." Kunilinda na nani? Aliyefanya muamala ule ni mimi, kwa kidole changu hiki hiki, nimekaa kwenye cherehani yangu, na akili zangu timamu.

Kweli, haukuwa muamala wa kawaida, hapo siwabishii. Mimi ni fundi wa nguo. Kwenye akaunti ile huwa nalipia uzi, zipu, bitana na umeme, basi. Siku ile nilikuwa nalipia masikio ya shangazi yangu.

Shangazi ni dada wa baba. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani nikiwa na miaka kumi na mbili, miguu haijafika vizuri chini. Alikuwa fundi hodari, ila mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko mikono. Hakuna mteja aliyetoka kwetu bila kucheka au kununa. Miaka minne iliyopita alishikwa na homa kali wiki tatu nzima. Ilipomwachia, iliondoka na masikio yake. Si yote, kilibaki kitu kidogo sana, mwenyewe alisema ni kama watu wanaongea chumba cha pili wamejifunika blanketi. Akajifunza kusoma midomo. Ukimtazama usoni ukasema taratibu anakupata, na kinachomshinda namwandikia kwa chaki ya kukatia nguo kwenye kipande cha kitambaa cheusi.

Lakini kazi hiyo ilimchosha. Wateja wakicheka naye anacheka, halafu ananiangalia kwa pembeni nimwambie tumecheka nini. Mtu akimsemesha anajibu "marahaba" ili awe salama, hata kama ameulizwa bei ya kufupisha suruali. Mwanzoni lilikuwa jambo la mzaha, na yeye mwenyewe aliongoza mzaha. Mwaka huu hata hiyo marahaba ikakauka. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake dirishani, anatia vifungo na kukunja pindo, neno halimtoki tangu asubuhi mpaka tunafunga. Nilikuwa namkosa shangazi yangu na yuko humo humo chumbani, hatua tatu kutoka nilipo. Iliniuma, na iliniuma kila siku.

Mtaalamu wa masikio huja mjini kwetu mara mbili kwa mwaka. Hukaa siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, kwenye kliniki iliyo nyuma ya soko. Safari iliyopita alimpima shangazi, akanivuta pembeni. "Hicho kidogo kilichobaki tusikichezee," alisema. "Tusingoje zaidi." Akaahidi kuja na mashine mbili za kusikilizia zinazomfaa. Safari hii kazileta kweli. Ila walio kwenye orodha walikuwa wengi kuliko mashine, na utaratibu wa kliniki ulikuwa mmoja: malipo kwa simu tu, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Asiyelipa, mashine zake anapewa anayefuata.

Na mimi pesa ninazo! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Ningekuwa sina ningelia nikanyamaza. Nimeshona sare za shule miezi kumi na minne, mgongo umepinda, macho mekundu, nikaweka kidogo kidogo mpaka zikatimia. Zote zilikuwa ndani ya simu, nazitazama kwa macho tu.

Basi nikapiga huduma kwa wateja. Sauti ya mwanamke, tamu, ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Ikafuata miziki. Nikaunga mikono miwili ya blauzi, miziki ile ile. Nikapiga pasi mshono, nikabadilisha uzi, nikanywa chai ikaisha, na yule mwanamke anarudi kila dakika mbili kuniambia jinsi nilivyo muhimu. Hatimaye akatokea kijana mmoja.

"Asante kwa kusubiri. Nikusaidie nini mama?"

"Nifungulieni akaunti yangu."

"Pole sana kwa usumbufu. Mfumo unahitaji kuithibitisha sauti yako. Ukisikia mlio, tafadhali sema: sauti yangu ndiyo ufunguo wangu."

Nikakumbuka jambo hilo. Miaka miwili nyuma walitutumia ujumbe kwamba kila mteja arekodi sauti yake, iwe kama kitasa ambacho mwizi hawezi kukichonga. Nami nilirekodi, nikasahau. Mlio ukasikika. Nikasema wazi, kila neno mahali pake, "Sauti yangu ndiyo ufunguo wangu."

"Samahani," mashine ikajibu. "Sauti yako haijatambulika."

Nikarudia. Haijatambulika. Nikarudia kwa upole wote niliojaliwa, ambao si mwingi. Haijatambulika.

"Sasa kama si yangu ni ya nani?" nikamuuliza kijana.

"Mfumo ndio unasema hivyo, mama."

"Wewe mwenyewe hapo unanisikia?"

"Nakusikia vizuri kabisa."

"Basi si ndiyo mimi?"

"Mimi sauti yako siijui, mama. Inayoijua ni mfumo." Akanitakia siku njema, akaniambia nijaribu tena baada ya saa ishirini na nne.

Shangazi alikuwa dirishani, uso ameuinamisha kwenye kifungo. Nilimpa mgongo muda wote ule, makusudi. Sikutaka ajue. Gauni lake la bluu lilikuwa tayari limenyooshwa, limetundikwa nyuma ya mlango, linasubiri Alhamisi. Aliponiuliza kwa macho kama malipo yamekwenda, nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilidanganya, na nikaona aibu papo hapo.

Jumanne nikasema hapana, hawa watu nitawafuata kwao. Nikafunga safari mpaka ofisini kwao, jengo la vioo, kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Nikachukua namba, nikakaa, nikaitwa. Nyuma ya kioo alikuwa binti mzuri, mwenye tabasamu la kuazima.

"Masuala ya akaunti zilizofungwa hatuyashughulikii hapa," alisema. "Ni kwa simu tu."

"Nimepiga simu. Ndiyo maana nimekuja."

"Unaweza kutumia simu yetu, dada. Ile pale. Ni bure."

Ukutani palikuwa na simu nyekundu. Nikaiinua nikidhani itanipeleka kwa mkubwa fulani wa humo ndani. Loo! Yule yule mwanamke mtamu akaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao na kwamba niko nafasi ya ishirini na tatu. Nikasimama pale na simu ya ukutani sikioni, natazamana na binti yule yule, umbali wa meza na kiti. Alinipungia mkono. Nadhani alikuwa ananionea huruma, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kuonewa huruma.

Zamu yangu ikafika, nikasema maneno yao mara tatu, nikakataliwa mara tatu. Hapo ndipo nilipopandisha. Hasira zangu ziko karibu, sikatai, hata shangazi alikuwa akisema zinakaa mlangoni. Nikauliza ofisi nzima ile kama kuna hata mtu mmoja anayelipwa mshahara kwa kazi ya kufungua kitu. Mlinzi akaja taratibu.

"Dada, punguza sauti."

"Sauti hii?" nikamwambia. "Si mmesema haijulikani ni ya nani? Mfuateni mwenyewe mumwambie apunguze."

Mlinzi alicheka, akajikaza, akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima. Nikarudi nyumbani kwa miguu ili hasira zishuke. Hazikushuka.

Jumatano asubuhi jirani yangu wa mlango wa pili, anayeuza vifungo na nyuzi, tunamwita Mama Vifungo, alikuja na bahasha. Alikuwa amesikia. Nani hakusikia? "Chukua," alisema. "Si nyingi." Tukahesabu, haikufika hata nusu, na ile ilikuwa pesa yake ya kuleta mzigo mpya. Nikamrudishia, nikamkumbatia. Akanitania kwamba labda kosa ni langu, nimezeeka bila kujiangalia na sauti imeshakuwa ya bibi. Nilicheka kidogo, halafu nikagundua nina machozi.

Nikapiga tena. Safari hii alipokea mwanamke aliyeziba pua kabisa, mafua yamemkaba, kila neno linapitia kwenye kitambaa. Nikaanza kufoka, yeye akaniacha nifoke mpaka mwisho. Halafu akaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye karatasi niliyopewa kusoma. Naona hapa umekataliwa mara sita. Ukikataliwa ya saba, faili lako linakwenda kwenye uchunguzi. Siku ishirini na moja za kazi. Likifika huko hata mimi silifikii."

Nikakaa. Nikamweleza yote. Nikamweleza homa, kliniki, orodha, gauni la bluu, saa sita ya kesho. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote wa huko kwao. Wote nilikuwa nimewafokea tu.

Akapenga kamasi. "Leo asubuhi hata mimi mfumo umenikataa," alisema. "Nimeshindwa kuingia kwenye kompyuta yangu mwenyewe kwa sababu ya haya mafua. Mama, ule mfumo hauulizi wewe ni nani. Unauliza kama umesema kama ulivyosema siku ile. Siku unarekodi ulikuwa na nini? Mafua? Jino? Ulikuwa na kitu mdomoni?"

"Sikuwa na chochote. Nilikuwa kazini."

"Kumbuka vizuri. Ni Januari, tarehe tisa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Usijaribu mpaka ukumbuke. Kesho naingia saa mbili. Naandika hapa simu yako ije moja kwa moja kwangu." Akakohoa. "Na samahani kwa hao wengine. Tunapimwa kwa dakika, mama. Ukizidisha dakika sita na mteja mmoja wanakukata mshahara."

Nikatazama simu. Tulikuwa tumeongea dakika kumi na tisa.

Alhamisi niliamka mapema, nikafungua duka kabla ya watu. Nikakaa na kalenda ya miaka miwili iliyopita, naitumbulia macho kama vile itasema. Januari tarehe tisa. Shule zinafunguliwa, sare kila mahali, watu mlangoni. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu. Nani anakumbuka alisemaje sentensi moja miaka miwili iliyopita? Shangazi akaingia, amevaa gauni lake la bluu, nywele amezisuka vizuri, kibeti mkononi. Kwa kumwona vile nilishindwa. Nikachukua kitambaa cheusi na chaki ili nimwandikie ukweli.

Akanizuia mkono.

"Akaunti imefungwa," alisema, kwa ile sauti yake iliyokuwa imeanza kwenda kombo kwa kutotumika. "Unadhani sijui? Siku tatu unagombana na simu. Unanipa mgongo, lakini kioo cha kujaribia nguo kiko mbele yako. Nimesoma yote. Na matusi nimeyasoma."

Sikujua nilie au nicheke. Nikamtazama usoni, nikasema taratibu ili anipate: wanataka niseme kama nilivyosema siku ile, Januari, msimu wa sare, na mimi sikumbuki nilisemaje.

Uso wa shangazi ukabadilika.

"Mimi nakumbuka," alisema.

"Unakumbuka? Na ulikuwa hata husikii?"

"Ndiyo maana nakumbuka. Ulikuwa umesimama hapo, unapanga marinda ya sketi. Ukaichukua simu, ukaiambia kitu kimoja, mara tatu, kile kile. Nikajaribu kukisoma, nisiambulie hata neno. Nikakuuliza, unasema nini? Ukanifanyia hivi." Akainua kiganja: ngoja. "Nikangoja. Hukuniambia mpaka leo. Nilikwenda uani nikanuna siku nzima."

"Kwa nini hukuambulia? Si unanisoma kila siku?"

"Mdomo ulikuwa umejaa pini!" akasema kwa ukali wa zamani kabisa. "Mara ngapi nimekuambia usiongee na mimi na mapini mdomoni? Midomo umeibana namna hiyo, nitasoma nini? Nisome pini?"

Nyinyi msioshona hamjui. Fundi akiwa anapanga kitu, pini hazikai mezani. Mkono hauwezi kwenda mezani na kurudi, kitambaa kitateleza. Pini zinakaa mdomoni, zimebanwa na midomo, vichwa nje. Ukizoea husikii kama zipo. Unaongea nazo, unaimba nazo, unamgombeza mtu nazo. Na siku ile nilikuwa nimeupa mfumo wao sauti ya mtu aliyebana mdomo kwa chuma, halafu nikashinda siku tatu nikiwasemea kama mtangazaji wa redio.

"Ngapi?" nikamuuliza. "Pini ngapi?"

Shangazi akainua macho juu, anapiga hesabu ya kifundi. Sketi za shule ile zilikuwa na marinda manane. Kila rinda pini yake. Upande? Kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio ulioshika simu. Akazihesabu kutoka kwenye kibweta, akanipa moja moja, mimi nazipanga mdomoni. Ya mwisho aliisukuma ndani kidogo kwa kidole, akarudi nyuma, akanikagua.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo nilipokuwa sikuelewi."

Saa mbili na dakika tatu nikapiga. Yule wa mafua akapokea, sauti imezidi kuziba. "Umekumbuka, mama?"

"Mm," nikasema.

"Una uhakika? Ni moja tu hii."

"Mm-hm."

Mlio ukasikika. Moyo ulikuwa unapiga mpaka naona pini zinacheza. Nikasema maneno yao, yakatoka yamebanwa, yanapita upande mmoja wa mdomo, nusu yameliwa. Shangazi alikuwa amenishika kiwiko, ananitazama machoni kwa vile midomoni hakuna cha kusoma.

"Asante," mashine ikasema. "Sauti yako imetambulika."

Nikapiga yowe. Yule dada wa mafua naye akapiga yowe kule aliko, likaishia kwenye kikohozi, akawa anacheka na kukohoa na kunifokea: "Toa pini kwanza, mama! Toa pini ndiyo ushangilie!" Shangazi hakuhitaji kuandikiwa. Alikaa kitini, akaweka kibeti magotini, akafunga macho.

Msidhani iliishia hapo. Akaunti ikafunguka, lakini malipo makubwa yanatakiwa kukaa kwanza mpaka mfumo uridhike. Tukaenda kukaa kliniki. Kwenye benchi la pili palikuwa na baba mmoja na binti yake mdogo, ndio waliokuwa wakifuata kwenye orodha. Tukasalimiana. Hatukuweza kutazamana sana, mimi na yeye. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Saa sita kasoro dakika ishirini simu yangu ikatetemeka, malipo yamekwenda. Muuguzi akasoma kwenye kompyuta yake, akaita jina la shangazi. Kabla hatujaingia nilimsikia akimwambia yule baba asiondoke, maana kuna mtu wa pea nyingine ya mashine hajaonekana tangu jana na hapokei simu. Nilipumua, kwa ajili yetu na kwa ajili yao.

Mtaalamu alikuwa mtu mrefu mwenye vidole vyembamba. Akampachika shangazi mashine moja, akampachika ya pili, akaziunganisha na kompyuta, akabonyeza. Shangazi akashtuka. Akajishika kifua. Macho yakaenda kwenye feni, yakaenda mlangoni, yakarudi.

"Unanisikia, mama?" mtaalamu akauliza.

"Mbona unanipigia kelele?" shangazi akasema. Halafu akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo kwa mkono.

Akanigeukia mimi. "Sema kitu."

Mimi, mwenye mdomo wa kutolewa ofisini na mlinzi, nikasema tu, "Shangazi."

"Tena."

"Shangazi."

Akanitazama muda mrefu, haangalii midomo, anaangalia macho. "Sauti yako imekuwa kama ya baba yako," alisema. Baba ni marehemu miaka sita sasa, na ni kaka yake aliyemfuata kwa kuzaliwa. Nililia mbele ya mtaalamu wa watu bila aibu yoyote, na shangazi akalia, halafu akaniambia nipunguze, kilio changu kinamtoboa kichwa.

Tukiwa njiani nikalijibu lile swali lake la miaka miwili. Nikamwambia siku ile nilikuwa nasema, sauti yangu ndiyo ufunguo wangu.

Akasimama katikati ya njia. "Maneno ya kipuuzi namna hiyo," alisema, "ndiyo yaliyonifanya ninune siku nzima?"

Sitaki kuwadanganya kwamba yote yalinyooka siku ile. Wiki ya kwanza alikuwa anazivua kila saa. Mfuko wa nailoni ukikunjwa analalamika, maji ya bomba yanamkera, na Mama Vifungo alimwambia azibe masikio yeye anapotaka kucheka. Mimi nilirekodi sauti upya, mdomo mtupu. Na kuongea na shangazi nikiwa na pini nimeacha. Nikimjibu nazitoa zote kwanza, hata kama rinda litateleza.

Wiki ya pili, Jumamosi, duka limejaa. Nilikuwa nimepiga magoti nampima dada mmoja pindo la gauni la harusi, harusi yenyewe kesho yake, na dada hana subira. Nikamwona shangazi ameacha kifungo, amegeuza kichwa.

"Simu yako inalia," alisema.

Mimi sikuwa nimeisikia, ilikuwa chini ya rundo la bitana. Nikataka kuinuka. Shangazi akawa ameshaifikia. Kwa miaka minne hajashika simu kuongea na mtu. Alikuwa akiona inawaka, ananiletea kwa ncha za vidole na kuondoka. Sasa aliishika, akaitazama, akaisogeza sikioni, akairekebisha kidogo juu ya mashine jinsi alivyofundishwa.

"Halo?"

Nilisikia kwa mbali kijana akijitambulisha, anatoka huduma kwa wateja, anataka kujua kama tuliridhika na huduma tuliyopewa hivi karibuni, kwa kiwango cha moja hadi tano. Nikanyoosha mkono kuichukua, maana majibu nilikuwa nayo, nimeyapika wiki mbili. Shangazi akanisukuma mkono.

"Tano ndiyo nzuri au ndiyo mbaya?" akauliza. Akasikiliza. "Aha. Basi kuna dada yenu mmoja wa mafua, huyo mwandikie tano. Umeandika? Hao wengine bado nafikiria." Akasikiliza tena, akacheka kwa sauti, kile kicheko chake chenyewe, cha kurusha kichwa nyuma. "Hapana, mwanangu, hunisumbui. Ongea tu, nakusikia. Wewe kwenu ni wapi?"

Akavuta kiti chake, akakaa, akakunja nne. Nikajua hii si ya dakika sita.

"Fundi," dada wa harusi akasema juu yangu, "mimi nasubiri."

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Shangazi yangu anaongea na simu."